Jiko Lisilo na Sufuria

Wazazi wangu hamjambo, na wa rika langu niaje. Asanteni kwa kunipa nafasi. Nitaongea nimesimama na mikono nimeifunga nyuma, kwa sababu mkiona imeanza kuzunguka hewani mtajua nimerudi kusukuma chapati na maneno yameisha.

Sheria ya kikundi chetu ni kwamba hapa hatumtaji mtu jina, na mimi nitaifuata. Hata langu sitalitaja, ingawa nyote mnanijua, ni yule kijana wa chapo wa pale karibu na steji. Shule nilifika mahali nilipofika, halafu karo ikasema inatosha. Kwa hivyo nikikosea maneno makubwa mtanivumilia. Tena ushuhuda wangu wote unahusu neno moja kubwa ambalo nililisikia vibaya, na neno hilo lilinilaza chini kuliko mafuriko.

Ndiyo, nimesema kuliko mafuriko. Ngojeni.

Mnajua nilivyokuwa kabla ya ile mvua. Nilikuwa na jiko langu kubwa la mkaa, lililotengenezwa na fundi wa jua kali kwa bati la pipa, na miguu yake mitatu minene kama ya ng'ombe. Asubuhi watu wa mjengo na makanga walinunua chapati, wakaikunja na maharagwe ndani, wakala wakitembea. Hapo ndipo nilipopata ndoto yangu. Nilitaka kufungua hoteli yenye viti, na si viti tu, viti vyenye mgongo. Maisha yangu yote nimewatazama watu wa Eastlands wakila, na wengi hula wamesimama kama farasi, ama kwenye benchi ambalo ukijisahau unaanguka kinyumenyume na sahani yako. Nilitaka mtu wa mjengo aje, akae, aegemee. Basi. Hiyo ndiyo ndoto yenyewe. Chekeni tu, nimezoea.

Aliyenifundisha chapati ni mama yangu mdogo, yule pale karibu na dirisha, mwenye kitambaa cha manjano. Alinitoa kwetu Magharibi nikiwa mtoto, akanilea kama wake. Kifua chake kina pumu tangu ujana. Ndiyo maana sikuwahi kuwasha jiko ndani ya nyumba, hata siku ya baridi ya namna gani. Mnanielewa? Hata kabla ya semina yoyote, moshi tuliujua. Hakuna mtu alihitaji kupanda gari kuja kutuambia kwamba moshi ni mbaya.

Maji yalikuja Jumapili asubuhi, watu wakipiga viatu rangi waende kanisani. Sisi wa vyumba vya chini, upande wa mto, tulisikia kwanza paka wakilia juu ya mabati, halafu mlango ukajifungua wenyewe. Nilimbeba mama mdogo mgongoni. Maji yamenifika kiunoni, na yeye ananigonga bega. "Unga, we kijana. Okoa unga." Nikamwambia, "Mama, unga umeshakuwa uji." Akasema, "Basi sukari." Ndugu zangu, sukari ilikuwa imetangulia.

Jiko lilipona kwa sababu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kule juu, kwenye nguzo ya kibanda. Vitu vingine vyote vilikwenda. Tukalala kwenye madarasa ya shule ya msingi, sakafu baridi, nguo mbichi, na kifua cha mama mdogo kikaanza kupiga filimbi. Baada ya siku chache akalazwa hospitali. Daktari alisema ni baridi na unyevu. Kumbukeni alivyosema daktari, kwa sababu mimi nilisahau.

Sasa wageni wakaja, watu wa shirika la mazingira.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye ile semina ya kwanza, ndani ya ukumbi huu huu. Walikuja na magari mawili makubwa meusi, wakayaegesha hapo nje chini ya dirisha, na hayakuzimwa. Madereva walifunga vioo wakalala ndani ya ubaridi, injini zikinguruma tangu maombi ya kufungua mpaka tunagawiwa soda. Siku ile sikuona ubaya wowote. Niliona magari mazuri. Hata nilijiambia, siku hoteli yangu ikikua, nitanunua moja kama lile la kubebea unga.

Aliyefundisha alikuwa dada mmoja mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Akasema mafuriko haya ni sehemu ya mabadiliko ya tabianchi, na mabadiliko hayo yanaletwa na hewa ukaa.

Hewa ukaa. Ndugu zangu, sisi watu wa Kayole tuna mkaa. Ukaa hatuna. Tukienda kwa muuzaji hatusemi nipe ukaa wa debe. Kwa hivyo mimi nilisikia hewa mkaa. Na msianze kujifanya, si mimi peke yangu, nawaona mnavyotazama chini.

Nikanyoosha mkono. "Dada, hiyo hewa inatoka kwa jiko?"

Akasema, "Ndiyo, jiko pia linachangia."

Alisema "pia". Namtetea, alisema. Lakini neno hilo dogo lilipita juu ya vichwa vyetu, likatokea dirishani, likaenda na moshi wa yale magari. Tulichobaki nacho ni jiko.

Hapo jirani yangu, fundi wa viatu, mnamjua kwa mdomo wake, akageuka na kiti chake chote. "Buda, kumbe ni wewe umetuletea maji."

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka. Ulikuwa mzaha mzuri, na tulikuwa hatujacheka tangu mafuriko.

Lakini mzaha wa mtaa haufi siku ya kwanza. Kesho yake watoto wakaanza kuniita Hewa Mkaa. Mvua ikidondoka kidogo, mtu ananiita kutoka ghorofani, "We Hewa Mkaa, umewasha tena?" Mteja anachukua chapati yake, anatazama mawingu, ananitazama mimi. Wanacheka, nami nacheka, nawafungia chapati kwa gazeti. Halafu nikienda hospitali namkuta mama mdogo ana mpira wa hewa puani, midomo imekauka, na kile kicheko kinageuka kinakuwa kitu kingine ndani yangu.

Kwa sababu nilianza kuamini. Nilifikiria hivi. Jiko langu ni kubwa kuliko ya wengine. Huwaka kabla jua halijatoka. Ule moshi wote ulikwenda wapi? Si juu? Na mvua si ilitoka huko huko juu? Nani basi alimlaza mama mdogo hapa?

Nikaacha kuvaa sweta yangu nikienda kumwona, kwa sababu ilinuka mkaa. Nilikaa mbali na kitanda. Yeye alidhani naogopa wagonjwa. Na kila mvua ilipoanza, popote nilipokuwa, nilikuwa naomba msamaha. Si kwa mtu, kwa mvua. Mwanamume mzima amesimama chini ya paa la duka la simu anasema kwa sauti ya chini, nisamehe, sitawasha tena.

Sasa hivi nawaambia huku nimetulia. Lakini nikikumbuka huyo kijana chini ya lile paa, damu inanichemka. Nani alimpa mzigo ule? Alikuwa hana gari. Hajawahi kuona ndege kwa ndani. Nyumba yake taa ni moja, nayo mwenye nyumba huikata. Na huyo ndiye aliyekuwa anaiomba mbingu msamaha.

Siku moja nikafungua mnyororo wa jiko, nikalipeleka kwa fundi wa viatu. "Tupa," nikamwambia. "Uza chuma chakavu, fanya chochote."

Akaacha kiatu alichokuwa akishona. "Chapo, manze, ile ilikuwa mzaha."

"Najua."

"Sasa jiko lina kosa gani?"

"Wewe tupa tu."

Nikaenda kubeba mawe kwenye mjengo. Sisemi kazi ya mjengo ni mbaya. Nasema nilikuwa mtu mwenye ndoto, nikawa mtu asiye nayo, na ukikaa hivyo hata chakula kinakosa chumvi. Nilianza kula nimesimama kama wenzangu. Viti vyenye mgongo sikuvitaja tena kwa mtu.

Mama mdogo aliporuhusiwa kurudi, tukapata chumba kingine, juu kidogo na mbali na mto. Siku ya kwanza tu akanusa hewa. "Mbona hunuki moshi?"

"Niliacha chapati."

"Kwa nini?"

"Mkaa ndio ulileta maji, mama. Walitufundisha."

"Nani?"

"Wale wa semina. Wamesoma."

Akanyamaza. Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mama yangu mdogo hanyamazi ovyo, mnamjua. Lakini sisi watu wa chini tuna ugonjwa huu, mtu akitwambia wamesoma, tunanyamaza. Tunameza kitu ambacho hata koo linakataa. Alisema tu, "Hiyo tabianchi. Mimi najua tabia ni ya mtu. Nchi haina tabia." Kisha akageuka akalala.

Neno hilo niliacha lipite.

Ilikuwa msimu ule wa baridi, jua linapojificha wiki nzima. Mama mmoja anayepikia sherehe za watu wakubwa alinitafuta. Alikuwa ameonja chapati zangu zamani, na mpishi wake wa chapati alikuwa mgonjwa. Nikamwambia siwashi mkaa. Akasema, "Nani amekwambia mkaa? Kule ni gesi. Vaa shati nyeupe."

Tukaenda jioni upande ule wa mji ambako miti ni mingi kuliko watu. Sitaki kusema uongo, nilifurahi. Nyumba ilikuwa na nyasi kama zulia. Nyuma ya jikoni jenereta lilikuwa linaunguruma, ingawa stima haikuwa imekatika. Nikamwuliza mama mpishi mbona linawaka na taa ziko. Akasema mwenye nyumba hataki taa zipepese hata mara moja wageni wakiwa wanakula. Sawa. Nikasukuma chapati zangu.

Halafu nikatoka na sinia, nikaona vitu vimesimama kwenye nyasi. Virefu kuliko mtu, vya chuma cha kung'aa, na juu kabisa, chini ya kofia ya bati, moto mwekundu. Vingi. Wageni wamevizunguka na glasi zao. Nikarudi jikoni.

"Mama, vile vya nje ni nini?"

"Majiko."

"Yanapika nini?"

"Hayapiki. Yanapasha."

"Yanapasha nini?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akafikiria. "Nje," akasema.

"Yanapasha nje?"

"Wageni wanasikia baridi."

"Hawana sweta?"

"Mwanangu, ukivaa sweta watu wataionaje nguo yako? Peleka chapati."

Ndugu zangu, nilipita katikati ya yale majiko na sinia yangu. Juu yake hakuna sufuria. Hakuna kikaango, hakuna hata birika la chai. Moto mtupu, unapasha mbingu. Nikasimama karibu na moja, joto likanipiga usoni, na kitu cha kwanza nilichowaza kilikuwa jiko langu la miguu ya ng'ombe. Lile lilikuwa na chapati juu yake. Kila siku lilipowaka, kulikuwa na mtu wa kula. Nalo ndilo lililofukuzwa mtaani.

Mgeni mmoja, mzee mwenye sauti nzuri, alikuja mpaka mlango wa jikoni kunisifu. Mtu mwema, sitamsema vibaya. Akaomba nimfungie mbili kwenye karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula asafiri nazo, maana alikuwa ameruka kwa ndege kutoka pwani mchana ule kuja kula chakula hiki, na asubuhi anaruka kurudi.

"Kijana, unatoka wapi?"

"Kayole, mzee."

"Aa. Kule kulikofurika. Poleni sana." Akatikisa kichwa, na alihuzunika kweli, nilimwona. "Hii tabianchi imetumaliza sote."

Sote.

Nilimfungia chapati zake. Niliivuta karatasi mpaka ikachanika, nikadhani ni uchovu. Haukuwa uchovu. Ilikuwa hasira, na sikuijua kwa sababu mimi si mtu wa hasira, mama yangu mdogo ni shahidi. Sote, mzee? Wewe uliogelea na sukari yako? Ulimbeba nani mgongoni? Ukirudi kwako jioni utalala darasani? Sikumwambia lolote. Nilisema karibu tena, mzee. Lakini lile neno nilirudi nalo nyumbani, na kesho yake asubuhi nikiwa nakoroga chai nikamweleza mama mdogo yote. Nikamwonyesha kwa mkono urefu wa yale majiko.

Alicheka mpaka kifua kikamshika, nikampa dawa yake ya kuvuta. Alipotulia, hakucheka tena.

"Jiko la nje lisilo na chungu," akasema. "Kwetu moto wa nje usio na chungu huwashwa siku gani?"

Nikajibu, "Siku ya matanga."

"Basi. Tunaukoka uani, waombolezaji wanauota mpaka asubuhi. Sasa wale kule walikuwa wanamlilia nani?"

Nilimtazama yeye, na blanketi lake alilopewa na wasamaria, na ile dawa mkononi.

Akaniuliza tena, "Na hilo neno, hewa ya nini?"

"Hewa mkaa."

"Yule msichana alisema mkaa?"

"Alisema... ukaa."

"Ukaa ni nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimevunja maisha yangu kwa neno ambalo sijui maana yake. Nilikuwa sijauliza.

Ndipo semina ya pili ikatangazwa. Safari hii walikuwa na ombi. Walitaka sisi wafanyabiashara wadogo tukubali kwamba majiko ya mkaa yasiwashwe tena kando ya barabara, tuwe mfano wa kuokoa mazingira. Mama anayeuza githeri alikuwa analia, yule wa mahindi ya kuchoma amejishika kichwa. Kila mtu alijua tukisema ndiyo siku ile, kesho yake askari watakuja kubeba vibanda wakisema sisi wenyewe tulikubali.

Magari yalikuwa pale pale chini ya dirisha. Yananguruma. Na mama mdogo alikuwa amekaa pale pale alipokaa leo.

Dada yule aliongea vizuri kama kawaida yake. Alipouliza kama kuna swali, nikasimama. Fundi wa viatu akanong'ona, "Hewa Mkaa amesimama," watu wakaguna kwa kicheko.

"Dada," nikasema, "mimi nina swali la Kiswahili tu. Hewa ukaa ni hewa ya mkaa?"

Akashangaa. "Hapana." Akatutazama, safu kwa safu, nadhani ndipo alipoelewa tulivyosikia. Akachukua chaki akaandika maneno yote mawili ubaoni, moja chini ya lingine. "Mkaa ni huu wa gunia. Ukaa umo ndani ya kila kitu kinachoungua. Kuni, mafuta ya taa, petroli, dizeli, gesi. Kikiungua, hewa yake inapanda."

"Hata jenereta?"

"Hata jenereta."

"Na jiko linalopasha nje?"

"Samahani?"

Nikamweleza. Wengine ukumbini walidhani natunga. Akasema polepole, "Ndiyo. Hata hilo."

"Na ndege?"

"Ndege sana."

"Na hayo magari hapo nje?"

Akageuka kutazama dirishani. Naapa alikuwa hajayasikia mpaka wakati ule. Mtu akikaa ndani ya sauti hiyo kila siku haisikii tena. "Hata hayo," akasema.

"Sasa nisaidie, maana mimi shule sikufika mbali. Nani anaunguza zaidi, sisi ama wao?"

Angeweza kuzunguka. Hakuzunguka. Alisema, "Wenye mali. Wao ni wachache, na wanaunguza kuliko nyinyi mlio wengi. Mkaa nao una hasara, unamaliza miti na unaumiza vifua. Lakini kama ni kupima, hamkaribiani."

"Basi mbona ombi la kuzima limeanzia kwangu?"

Hapo akageukia yale maneno yake mawili ubaoni. Alisimama na chaki yake. Na mimi sikuwa na swali lingine, lile lilikuwa la mwisho nililokuwa nalo. Nilikuwa nataka kukaa, nilie kidogo.

Ndipo mama mdogo akaongea kutoka dirishani, kwa sauti yake ile ya filimbi. "Mwanangu wa ubaoni, mimi sina maneno mengi. Kuna gari linanipumulia. Mwambie aliye karibu na dirisha langu azime kwanza. Sisi wengine tutafuata."

Dada akaweka chaki chini, akatoka yeye mwenyewe. Tulimwona akigonga kioo. Dereva akaamka, akafuta macho. Gari la kwanza likazimwa. Kisha la pili.

Mnakumbuka ule ukimya? Mimi sitausahau. Tulisikia mto. Tangu asubuhi tulikuwa tumekaa hatua chache kutoka mtoni, tukizungumza habari za mto, na hatukuwa tunausikia.

Aliporudi alikuwa amebeba uso mwingine. Tulizungumza mpaka soda zikasahauliwa. Hatukukataa kubadilika. Tulisema tuleteeni majiko yanayokula mkaa kidogo, tutayatumia kwa furaha, vifua ni vyetu. Tulisema miti tutapanda. Lakini tulisema hatutazima wa kwanza ili mwingine awashe jiko kwa ajili ya nyasi zake. Yeye akasema atalipeleka jibu letu kama lilivyo, na ombi lile la kufukuza majiko halijarudi hapa. Likirudi, mnajua tutaanzia wapi. Tutaanzia dirishani.

Kabla sijakaa, nina shukrani.

Namshukuru mama yangu mdogo, aliyenifundisha kusukuma chapati na kuuliza neno. Namshukuru dada yule, kwa kuwa alijibu kweli ilipokuwa rahisi kudanganya, na kwa kuwa alitoka nje yeye mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Namshukuru yule mama mpishi, ingawa hajui alichonionyesha.

Na fundi wa viatu. Wiki ile ya semina ya pili nilimwendea kumwuliza jiko langu liliishia kwa nani, nilifuate. Akanipeleka nyuma ya kibanda chake. Lilikuwa pale. Hakuliuza, hakulitupa. Alikuwa amelijaza udongo akapanda dhania, imestawi hasa. "Nilijua utarudi," akaniambia, "lakini nikasema lisikae bure." Akang'oa dhania yote siku ile, tukala nayo kachumbari. Kisha tukalikandika ndani kwa udongo wa mfinyanzi, likawa linakula mkaa kidogo kuliko zamani. Hajaomba radhi kwa maneno. Ila watoto wakiniita Hewa Mkaa, yeye huwatupia kisigino cha kiatu.

Mafunzo yangu ni haya, nayo ni machache kama masomo yangu. Mtu akikuletea lawama kwa neno usilolijua, usilibebe kwanza. Liweke chini, uliza maana yake. Huenda mzigo ni wa mtu mwingine na umepewa wewe kwa kuwa mgongo wako uko karibu. Na tukiambiwa tuko kwenye jambo hili sote, tuseme vizuri, tuko sote. Basi na kuzima tuzime sote, mwenye moto mkubwa akitangulia.

Hasira yangu bado ninayo. Sikuja kuwaambia imeisha. Lakini zamani ilikuwa inanila mimi, siku hizi nailisha kazi. Na ile ndoto imerudi. Nimeshapata kiti kimoja, mtu wa samani alinipa kwa kuwa kiti kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikauwekea kipande cha mbao. Kina mgongo. Kiko pale kibandani. Anayefika wa kwanza asubuhi ndiye anayeegemea, wengine wanasimama wakisubiri mambo yakue.

Pale nyuma kwenye ndoo iliyofunikwa kuna chapati, nimezipika leo asubuhi, chukueni mkitoka. Mkipita kwa steji mkaona moshi kidogo, msitazame mawingu. Sogeeni, mtazame jiko. Mtakuta kitu juu yake.